Rangi Isiyopauka

Rukia mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana uko hapo uani na nakusikia ukibishana na mama yako kama sanduku lifungwe kwa kamba au kwa mkanda wangu wa zamani. Afya yako naiona. Yangu unaijua. Kesho basi litakapokuchukua pale Kibiti hatutapata nafasi ya kusema neno la maana, kwa sababu mama yako atalia, utingo atapiga kelele, na mimi nitajitia kushughulika na mizigo. Ndiyo maana nimejifungia chumbani mchana huu, nimesema kichwa kinaniuma, na ninaandika.

Mambo ya blanketi, ya chakula cha Wazungu, na ya kuswali katika nchi ambayo jua huchelewa kutoka na kuwahi kuzama, mama yako amekwishayasema na atayasema tena. Huko sina la kuongeza. Mimi nina hasira, na nimeona ni afadhali nikukabidhi uondoke nayo kuliko kubaki nayo hapa Mtunda nikiwafokea kuku.

Nianze na langu, kwa sababu halina siri. Kijiji kizima kinalijua.

Ulipokuwa mdogo ulidhani baba wote duniani wana kucha za bluu. Uliniuliza siku moja kwa nini kucha za baba wa jirani zimeharibika, zimekuwa nyeupe. Nilikuwa idara ya rangi katika kiwanda cha nguo huko Dar es Salaam, na kazi niliyojivunia ilikuwa juu ya paa. Kila rangi mpya ilipokuja tulikata vipande vya nguo, tukavibana kwenye ubao, nusu tukaifunika kwa bati na nusu tukaiachia jua. Baada ya wiki kadhaa nilipanda na msimamizi, tukaondoa bati, tukatafuta mpaka kati ya nusu ile na nusu hii. Mpaka ukionekana, rangi inarudishwa ilikotoka. Usipoonekana, tunashuka tukicheka. Khanga za wakati ule mama zenu walizifua mpaka zikachanika, na rangi yake ilikuwa ile ile. Jua ndilo lilikuwa adui yangu kazini, na nililishinda.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na bomba lililomwaga maji ya rangi mtoni. Siku ya wageni kutoka wizarani, msimamizi alinionyesha kwa kidevu tu, nami nikaenda kufunga koki ya maji ya rangi na kufungua ya maji safi. Wageni walifika, wakatazama, wakasifu. Mmoja wao, kijana mwenye miwani, alinigeukia akaniuliza kama maji yanatoka hivyo siku zote. Msimamizi alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Kijana yule alikuwa mdogo kuliko mimi, lakini nilimwita mzee. Wakaenda kunywa soda, na mimi nikarudi kufungua koki ya rangi. Jambo hilo liweke akilini, nitalirudia.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu aingize bidhaa za nje apendavyo. Mitumba ikashuka bandarini kwa marobota, watu wakaona hakuna haja ya khanga ya kiwanda chetu wakati gauni la Ulaya linauzwa chini kwenye turubai. Kiwanda kikakohoa kwa muda, kikafungwa, kikauzwa kwa mtu aliyekigeuza ghala la mchele. Sisi tulipunguzwa. Haki zetu tulizifuatilia mpaka viatu vikaisha, na wapo wenzangu waliokufa wakiwa bado wanazifuatilia. Mimi nilichoka mapema, nikarudi huku na kitu kimoja nilichokijua sawasawa, yaani rangi. Na ruksa ile ile iliyokiua kiwanda ilinifungulia mlango, maana sasa mtu yeyote aliweza kwenda Kariakoo akanunua makopo ya rangi kutoka nje ambayo zamani yaliingia kiwandani tu.

Wanawake wa hapa walikuwa wakitia rangi ukindu wa kusukia mikeka kwa magome ya mkandaa, kwa mizizi ya mdaa na kwa bizari. Mikeka yao ilikuwa mizuri, lakini ukiitandika uani msimu mmoja tu imepauka. Mama yako mkubwa, Bi Somoe, ndiye aliyekuwa fundi wao. Nilimchemshia bunda moja la ukindu kwa rangi yangu, nikatia chumvi na magadi kama tulivyofanya kiwandani, nikamwambia alianike juu ya bati aliache huko. Alilisahau. Alipolishusha baada ya mvua na jua la miezi, lilikuwa jekundu vile vile. Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa pepo. Baada ya hapo wachuuzi wa Dar es Salaam wakaja na malori, wakasema mikeka ya Mtunda haipauki, na mimi nikaitwa Bwana Rangi. Unakumbuka jinsi watoto wenzako walivyokuonea wivu.

Kosa letu ni hili, na ni la watu wa hapa, sidhani kama wengine wangelifanya hivyo. Kazi ya kutia rangi inafanyika bondeni, kando ya kisima, kwa sababu magome yanataka maji mengi na hakuna mwanamke anayebeba maji kupanda kilima ili ayamwage tena. Bibi zetu walichemsha pale, wakamwaga pale pale, na mvua ikija kisima kinasahau. Basi na rangi yangu ikamwagwa pale pale. Hakuna aliyewaza, na mimi niliyepaswa kuwaza kuliko wote nilikuwa nasimama ukingoni, mikono nyuma, nikisifia povu. Nilikuwa nimetumia ujana wangu wote kuhakikisha kwamba rangi ile jua haliiwezi. Sasa huko chini ya ardhi, gizani, nani angeiweza?

Kisima kilianza kuwa cha waridi, kikawa chekundu. Wanawake wakarudi kwenye magome na mizizi yao, lakini wekundu ukabaki, na kufuata maji ya kunywa sasa ni mwendo wa kupita mashamba ya Umwe na kurudi. Mama yako anayafuata kama wengine, na utosi wake umeota upara pale ndoo inapokaa. Jina la Bwana Rangi likabaki, ila likaanza kutamkwa kwa namna nyingine.

Sasa nije kwako.

Ulipochagua kemia nilijifanya sijali, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikamshukuru Mungu. Ulirudi likizo moja na kichupa cha unga mweupe, ukakaa na mama yako aliyekuwa akichekecha unga wa muhogo, ukatueleza. Ukasema kila punje ya unga ule ina vitundu ambavyo hata darubini ya shule yenu ya zamani haiwezi kuvionyesha. Ukasema kijiko kimoja, kuta zote za vitundu vile zikikunjuliwa, zinaweza kutandaza uwanja wa mpira. Rangi inaingia humo na kujibandika. Kisha jua likiupiga unga, unga unaamsha nguvu ya kuikatakata rangi, na unga wenyewe hauishi. Mliuita kichocheo. Mama yako akakwambia hata yeye ni kichocheo katika nyumba hii, anafanyisha watu kazi na haishi, ila tu hana vitundu. Tulicheka sana. Lakini mimi moyoni nilikuwa naona kitu kingine. Nilikuwa naona kwamba mimi nililizuia jua lisile rangi, na binti yangu anakwenda kulifundisha kuila. Sikuwahi kuombwa radhi na dunia kwa namna nzuri kama ile.

Mlikuja kiangazi na gari la chuo, wewe na Dokta, mwalimu wako. Tulikuwa tumefyeka njia mpaka bondeni. Bi Somoe alitandika mkeka wake mkubwa kando ya kisima, na Dokta akapanga juu yake chupa tatu za maji mekundu mliyoyachuja kwanza kwa kitambaa. Ya kwanza haikutiwa kitu. Ya pili ikatiwa unga na kufunikwa kwa kitambaa cheusi. Ya tatu ikatiwa unga ikaachiwa jua, na wewe ukawa unaitikisa kila mara. Watu walikaa, wakala mihogo, wakasengenya. Jua lilipopita utosini ile chupa ya tatu ikaanza kufifia, ikawa ya waridi, na alasiri haikuwa na rangi kabisa. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nililia mbele za watu na sikuona haya.

Nikwambie nilichokiona, usije ukadhani baba yako ni kipofu. Dokta alipofunua chupa ya pili, ile ya gizani, maji yake nayo yalikuwa yamepungua wekundu, na unga uliotuama chini ulikuwa mwekundu. Unga wa chupa ya juani ulikuwa mweupe. Mtu wa rangi hahitaji chuo ili ajue maana ya hapo: juani rangi ilikufa, gizani ilihama tu. Niliona, nikajitia hamnazo. Nilikuwa nataka mno kuacha kuitwa Bwana Rangi kwa ile namna ya pili.

Dokta akatangaza kwamba maji yametakata. Hakuna aliyesogea. Desturi yetu unaijua, anayempa mgeni maji huyaonja kwanza mwenyewe, mgeni aone hayana kitu. Sasa hapo mwenyeji ni nani na mgeni ni nani? Bi Somoe ndiye aliyelikata shauri, na hakusema kwa ubaya.

"Shemeji, haya maji weye ndiye uliyeyatia. Anza weye, siye tufuate."

Mama yako akaleta kikombe cha bati. Dokta akamimina, kisha akainua kamera. Kabla sijakipeleka kinywani nilikutazama wewe, na wewe ulikuwa unakitazama kikombe. Ulifungua mdomo. Ukamtazama Dokta. Ukaufunga. Nilidhani furaha imekukaba, nikanywa mpaka chini, nikakipindua kikombe watu waone hakina kitu. Bi Somoe akapokea chake, akafuata mama yako, wakafuata wengine mpaka chupa ikaisha.

Mkaondoka, mkamwachia Bi Somoe mfuko wa unga. Mlimweleza vizuri, sikatai: tia kwenye beseni, weka juani, koroga, ngoja mpaka alasiri, chuja kwa kitambaa kizito. Siku za kwanza walifanya hivyo hivyo. Lakini hebu fikiri, Rukia, wewe uliyelelewa na bibi yako. Nani hapa anaacha maji ya kunywa juani? Maji ya juani ni ya kumwogesha mtoto. Yanachemka, kuku wanayatumbukizia midomo, vumbi linaingia, na kila apitaye njiani anayapitishia macho yake. Maji ya kunywa yanakaa mtungini, nyuma ya mlango, juu ya mchanga wenye unyevu, yamefunikwa. Wanawake wakafanya jambo la akili kabisa, wakautia unga ndani ya mitungi.

Na maji yakatakata. Usiku mmoja tu, kizani, yakawa meupe, tena baridi. Wakasema kumbe hata jua halihitajiki, wale wasomi wanapenda kuhangaisha watu. Mama yako alisema hivyo pia, na mimi niliyeiona chupa ya pili nilikuwa nimekaa hapo hapo kizingitini na kata mkononi, nikanywa. Kila jioni wakaongeza maji mapya ya kisima juu ya unga ule ule. Wakaacha kwenda Umwe. Kwa wiki kadhaa, mwanangu, nilipita njiani nikisalimiwa kwa jina langu la kuzaliwa.

Kisha ikawa hitma ya marehemu mume wa Bi Somoe. Nyumba ilijaa, maji yakatumika mengi, na msichana aliyekuwa akiwapa wageni akauinamisha mtungi ili kata ifike chini. Ikatoka nyekundu. Aliyepewa alikuwa imamu. Alikaa na kata ile mkononi, hakunywa wala hakumwaga, na watu wote wakaacha kusoma. Bi Somoe alisimama, akaipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo nje.

Siku hizo hizo mjukuu wake Mwajabu alikuwa amelazwa hospitali kwa tumbo. Alipona, ingawa alirudi amekonda na mpaka leo hachezi sana na wenzake. Daktari hakusema ni maji na hakusema si maji. Alisema angetaka kuyapima, ila vya kupimia hana. Wanawake wakavunja mitungi yao kwenye jalala, na mingine ilikuwa ya bibi zao. Bi Somoe wake hakuuvunja. Aliutoa nje, akauweka chini ya upenu, akauwekea jiwe juu. Tangu hapo hajakanyaga kwetu, na mama yako hajasuka mkeka. Wale ni watoto wa tumbo moja, walikuwa hawamalizi siku bila kuonana. Umeona leo ndugu wote wamekuja kukuaga, na ukauliza mama mkubwa yuko wapi, na mama yako akasema ana mafua.

Ulipokuja msimu wa korosho nilikuchukua shambani makusudi. Tulikuwa tunaokota, migongo imeinama, nikakusimulia habari ya mitungi, nikakuuliza unga wenu unafanya nini hasa. Ulinijibu kwa upole sana, kama unavyomjibu mgonjwa.

"Baba, rangi kutoweka si maji kusafika. Rangi inakatwa vipande. Vipande vingine havionekani, lakini bado vimo majini, na hatujavipima."

"Siku ile pale kisimani, hilo ulilijua?"

"Nililijua."

"Mbona hukusema?"

"Dokta alikuwepo."

Ukaendelea kuokota korosho. Mkono wangu ulinyanyuka nikupige, mtu mzima kama wewe, nikaurudisha. Sikukuacha kwa huruma. Nilikuacha kwa sababu sauti uliyoitumia niliitambua. Ilikuwa yangu, ya nyuma ya kiwanda, ninamwambia kijana mwenye miwani, ndiyo, mzee.

Dokta si mtu mbaya. Msimamizi wangu naye hakuwa mtu mbaya. Nilipofiwa na mama, yeye ndiye aliyetoa gari la kiwanda kutuleta huku kuzika. Wangekuwa wabaya ingekuwa rahisi, tungewachukia tukasema mbele yao lolote. Ni wema wao ndio unaokufunga mdomo, pamoja na kule kujua kwamba kesho utawahitaji. Mimi sikuwa na kesho nyingine nje ya kiwanda kile, ndivyo nilivyodhani, nikakaa kimya. Na kiwanda kikafungwa vile vile. Ukimya wangu haukukiokoa hata siku moja, na mto ulibaki na rangi.

Picha ile mama yako ameitundika sebuleni, mimi na kikombe, shingo juu. Kila mgeni anaonyeshwa. Ukaniambia, ukidhani unanifurahisha, kwamba waliokupa nafasi ya kusoma huko ughaibuni waliiona na wakaipenda sana, mzee wa kijiji akinywa maji yaliyosafishwa na jua. Nikakuuliza kama uliwaandikia na habari ya mitungi. Ukasema hiyo haikuwa sehemu ya jaribio.

Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo. Haikuwa sehemu ya jaribio. Kwa hiyo Mwajabu si sehemu ya jaribio, na imamu na kata yake, na dada wawili wasiosemezana. Sehemu ya jaribio ni mimi na kikombe, kwa sababu nilitokea vizuri kwenye picha. Roho inaniuma, Rukia. Unaondoka kwa kikombe changu, na kikombe chenyewe ulijua hakijapimwa.

Sisemi unga ni uongo. Mimi ndiye wa mwisho wa kusema hivyo. Nililiona jua likiila rangi ambayo mimi mwenyewe nilihakikisha hailiwi, na hata nikifa leo, lile nililiona. Ndiyo maana nina hasira namna hii. Kama ungekuwa utapeli ningecheka nikanyamaza. Lakini kitu hiki kinaweza, na mnakwenda kukisomea katika maji yenu safi ambayo mnayatia rangi wenyewe kwa kijiko, kisha mnaitoa. Hapa maji ya masika ni tope, jua halipiti hata nusu ya dole. Hapa watu wanaficha maji yao gizani na wana sababu. Labda upo unga wa kufungwa kwenye kitu, ukae bondeni juani, maji yaupitie kabla hayajafika mtungini. Labda vile vipande vinaweza kukatwa tena mpaka visibaki. Mimi sijui, unayekwenda kujua ni wewe. Ninachokuomba ni kwamba mkiandika, msiandike kuwa wanakijiji hawakufuata maelekezo. Nimewasikia wataalamu wengi tangu enzi za ujamaa, na hiyo ndiyo sentensi yao ya mwisho kila mara. Walifuata walichofundishwa na mama zao kuhusu maji ya kunywa, na mama zao, kwako wewe, ni bibi zako.

Asubuhi niliposema nakwenda kununua betri za redio niliongopa. Nilikwenda kwa Bi Somoe.

Alikuwa kibarazani anasuka ukindu mweupe. Siku hizi hautii rangi yoyote, hata mdaa. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza, basi nikakaa ngazini. Nikamwambia mtoto anaondoka kesho na ninaomba maji ya mtungi wake, yale ya chini. Alisuka mpaka ukili ukafika mahali anapopapenda ndipo akaweka chini, akanitazama.

"Miye nilikunywa kwa kukuamini weye, shemeji. Weye ulikunywa kwa kumwamini mtoto. Mtoto kamwamini nani?"

Swali hilo ninalo tangu asubuhi. Akaondoka, nikadhani ndiyo imekwisha. Kumbe alikwenda upenuni. Akaliondoa jiwe, akakoroga kwa mti mpaka chini, akachota na kunijazia chupa niliyokuja nayo. Mikono yake ililowa akaifuta kwenye mchanga badala ya nguo. Salamu hakukutumia, nakwambia kama ilivyokuwa. Lakini nilipofika njiani aliniita, akaniuliza kama huko uendako kuna jua. Nikamwambia nasikia lipo kidogo. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye ukindu wake.

Chupa hiyo iko katikati ya sanduku lako. Niliiingiza wakati mama yako amekwenda kukopa mkanda mwingine. Nimeifunga kwa nta ya mshumaa na kuiviringisha katika khanga ile ya zamani ya kiwandani, ambayo ukiitazama utaona rangi yake haijatetereka. Usiimwage njiani kwa kuona haya. Ukifika, kabla hawajakupa maji yao, watolee haya, uwaeleze ya nani, yalikaa wapi na nani aliyanywa. Waambie na ile picha ilipigwaje. Inawezekana watakupunguzia mapenzi. Inawezekana hata nafasi yenyewe ikatikisika, na ukirudi hapa bila shahada nitakupokea stendi pale pale, na kila asemaye neno atanikuta. Lakini ukirudi nayo huku Bi Somoe bado hajajibiwa, sijui nitakupokeaje.

Mama yako anagonga mlango, anauliza kama kichwa kimepoa. Kimepoa kidogo.

Juu ya chupa nimebandika karatasi, wasije wakakosea wafagiaji wa huko au wewe mwenyewe ukiwa na kiu. Nimeandika kwa herufi kubwa, kwa mkono wangu: SI MAJI YA KUNYWA. Usiibandue. Ni maneno niliyoyangoja kutoka kwako siku ile, kikombe kikiwa mkononi.

Ni mimi baba yako,
Bwana Rangi